Kwa Kinywa Kimoja

Spika hizi hazikutengenezwa ili zipendwe. Zilitengenezwa ili ziaminiwe, na hayo ni mambo mawili. Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ya Altec Lansing ya California, iliyozoea kuhudumia majumba ya sinema, ilitoa spika iitwayo 604 Duplex. Mwaka 1947 Tannoy ya London ikaonyesha ya kwake, Dual Concentric. Zote mbili zilipata makazi studio, upande wa pili wa kile kioo kinachomtenga fundi mitambo na waimbaji, na kazi yao pale haikuwa kumburudisha mtu. Ilikuwa kuchongea. Mpiga fidla akigusa uzi vibaya, spika imseme. Kipaza sauti kikisogezwa karibu mno na kinywa, iseme. Waya ukivuma, kiti kikilia, mwimbaji akimeza mate kabla ya ubeti, yote yafike masikioni mwa fundi kabla santuri haijakatwa, maana baada ya hapo ni hasara.

Leo nyingi kati ya spika hizo zimetoka studio zikaingia sebuleni. Watu wanazitafuta Uingereza, Marekani na hasa Japani, wanazilipia fedha ambazo zingetosha kununua gari lililotumika, na ukiwauliza wanatafuta nini, hawatakujibu kwamba wanatafuta ukweli. Watakwambia wanapenda inavyoimba. Watasema sauti yake imejaa, ina mwili, haichomi masikio. Chombo kilichotakiwa kisiwe na tabia yoyote ya kwake kinanunuliwa sasa kwa ajili ya tabia hiyohiyo. Jambo hili limenikaa kichwani kwa muda, kwa sababu na mimi ni miongoni mwa waliopendezwa, na sipendi kupenda kitu kwa kuwa tu ni cha kale.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Muziki una masafa mapana, kuanzia mngurumo wa besi wa hezi 30 au 40 hadi mlio mwembamba wa matoazi unaovuka hezi 10,000. Karatasi moja ya spika haiwezi kuyatoa yote vizuri. Iliyo kubwa ya kutosha kusukuma hewa ya besi ni nzito na pana mno kwa sauti nyembamba, na iliyo ndogo ya kutosha kwa sauti nyembamba haina nguvu ya besi. Kwa hiyo kazi hugawanywa. Wufa huchukua chini, twita huchukua juu, na kati yao hukaa saketi ndogo, krosova, inayoamua nani apate nini. Katika spika nyingi za nyumbani wufa na twita hufungwa moja juu ya nyingine kwenye uso wa kasha. Spika za mhimili mmoja, ambazo mafundi huziita koaksia, huiweka twita katikati ya wufa ili sauti yote itoke kitovuni. Aliyewahi kupanda daladala au matatu ameziona: spika ya ukutani yenye kitwita kilichosimamishwa juu ya kijiti mbele ya karatasi. Hiyo ni koaksia ya bei nafuu, na sisemi kwa dharau. Wazo ni lilelile.

Tannoy haikusimamisha kitwita mbele. Mhandisi wake, Ronnie Rackham, alikificha nyuma. Chukua spika yao ya inchi 15, uilaze kifudifudi mezani, uitazame mgongo. Kuna kifuniko kilichopakwa rangi, na kwa rangi hiyo wakusanyaji hutambua umri: nyeusi ndizo za mwanzo, kisha za fedha, kisha nyekundu za mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha za dhahabu kuanzia mwaka 1967. Chini ya kifuniko kuna sumaku nzito. Ndani ya sumaku hiyo moja mna nafasi mbili, ya mbele kwa ajili ya koili ya wufa na ya nyuma kwa ajili ya koili ya twita. Utando wa twita ni kipande chembamba cha aloi ya aluminiamu kilichobinuka, na sauti yake haina njia nyingine ya kutokea ila kupenya katikati ya sumaku. Inapita kwanza kwenye kizibo cha chuma kilichotobolewa matundu madogo madogo, yaliyopangwa ili sauti ya katikati ya utando na sauti ya pembeni mwake zifike kooni kwa wakati mmoja. Kisha inaingia kwenye honi inayopanuka taratibu. Na honi ya chuma inapoishia, karatasi ya wufa inaipokea na kuendeleza mpindo uleule hadi nje.

Yaani karatasi inayopiga besi ndiyo mdomo wa honi ya twita. Nimewahi kulitazama jambo hilo kwa tochi, nikachungulia koo lile hadi matundu yakaonekana, na nikaona raha ya kihandisi ambayo ni nadra: hakuna kitu kilichowekwa pale kufanya kazi moja tu. Altec walifuata njia nyingine. Wao waliipa kila sehemu sumaku yake, na honi yao ya chuma, iliyogawanywa vyumba vyumba, inasimama wazi katikati ya karatasi. Haifichi kitu. Ukiziweka mbili hizo sebuleni bila kuziwasha, tayari unajua ipi ni ya London na ipi ni ya Hollywood.

Faida ya mpango huu haionekani vizuri kwenye karatasi ya vipimo. Spika yoyote yenye wufa na twita ina eneo la makabidhiano, yale masafa ambayo zote mbili zinatoa sauti ileile kwa pamoja. Zikiwa zimefungwa mbalimbali, sikio lako haliko umbali sawa kutoka kwa kila moja. Ukiinua kichwa kidogo, mawimbi yanasaidiana, ukikishusha, yanauana. Ndiyo maana spika nyingi zinataka ukae kitini, kwa urefu fulani, utulie. Koaksia haina sharti hilo. Pande zote tofauti ya umbali ni karibu ileile. Keti kitini, jinyooshe mkekani, simama mlangoni na kikombe cha chai, mizani ya sauti haibadiliki sana. Nyumbani hilo ni jambo kubwa kuliko linavyotajwa, kwa sababu nyumbani watu hawakai kimya mstari mmoja mbele ya spika; wanapita, wanainama, wanamfuata mtoto.

Tena kuna mahali ambapo Tannoy iliamua makabidhiano yafanyike. Krosova yake ilikata kwenye hezi 1000, na hapo ni katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Kifua cha mtu, ule uzito wa sauti yake, kiko chini ya mpaka huo. Ncha za maneno, yaani s na sh na ch na t, ziko juu yake. Wufa inatoa kifua, twita inatoa ulimi na meno. Mhandisi yeyote atakwambia ni hatari kupasua sauti ya mtu katikati namna hiyo, na ni kweli, ni hatari, isipokuwa vipande vyote viwili vikitoka shimo moja. Nadhani si bahati tu kwamba kampuni iliyothubutu ilikuwa hii. Guy R. Fountain aliianzisha mwaka 1926, na kabla ya kusifika kwa muziki ilijulikana Uingereza nzima kwa vipaza sauti vya matangazo: vituo vya treni, viwanda, kambi za kijeshi wakati wa Vita vya Pili. Kwenye kituo cha treni hakuna anayejali uzuri wa sauti. Abiria anataka kusikia ni jukwaa namba ngapi.

Mimi nilizielewa spika hizi nyumbani kwa mzee mmoja wa Mombasa, fundi redio mstaafu, aliyehamia Uingereza zamani na hana mpango wa kurudi. Sebule yake ni ndogo. Pembeni alikuwa na kasha moja la mbao lenye Tannoy ya inchi 12, ya dhahabu, na juu yake kitambaa cha kufuma na picha za wajukuu. Akaniwekea nakala ya santuri ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mojawapo ya zile zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Nilitafuta spika ya pili nisiione.

"Mzee, mbona iko moja? Nyenzake iko wapi?"

"Bi Siti alikuwa na vinywa vingapi?"

Sikuwa na jibu. Santuri za wakati ule zina mkwaruzo wa sindano usiokoma, na kwenye simu yangu mkwaruzo huo huwa umetapakaa mbele ya kila kitu, nasikiliza nikiwa nimekunja uso. Pale ulikaa nyuma. Ulikuwapo, lakini ulikuwa mahali pake, na sikio likauacha huko. Mbele akasimama mtu. Si kwamba nilisikia sauti nyembamba za ajabu ambazo sijawahi kuzisikia. Santuri ile haina masafa ya juu ya kumpa mtu mshangao wa namna hiyo. Nilichosikia ni kwamba pumzi, neno na kifua vilikuwa vya mtu yuleyule. Aliposhusha sauti mwishoni mwa mstari, haikuhama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Ilishuka tu. Udi ukajibu kutoka nyuma yake kidogo, hatua mbili hivi, ingawa zote zilitoka kwenye duara moja la karatasi. Mzee alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vilifuata udi juu ya goti.

Baadaye nilifikiri kwamba jibu lake la mzaha lilikuwa na hesabu ndani yake. Enzi ile, kabla ya santuri za stereo kuingia sokoni mwaka 1958, muziki ulikusanywa ukawa mkondo mmoja, aghalabu kwa kipaza sauti kimoja kilichosimama mahali pamoja chumbani. Kila aliyekuwa mbali nacho alisikika mbali, kila aliyekuwa karibu alisikika karibu. Ukiurudisha mkondo huo kupitia spika mbili, na kila spika ikiwa na wufa huku na twita kule, sauti iliyoingia kwa tundu moja inatokea kwa matundu manne. Koaksia moja inairudisha jinsi ilivyochukuliwa. Santuri za zamani za mono zinasikika vizuri kwenye spika ya zamani ya mhimili mmoja kwa sababu ambazo ni za jiometri kwanza, kabla hatujafika kwenye kumbukumbu na machozi.

Sasa mabaya yake, nayo si haba.

Honi ina rangi yake. Altec hasa, na Tannoy kwa kiasi, zina kitu katika sauti za kati kinachofanana na mtu anayeita akiwa amezungushia viganja kinywani. Tarumbeta na saksafoni zinanufaika, zinatoka mbele na kung'aa. Kinanda kinapoteza unyenyekevu wake, na baadhi ya waimbaji wanawake huonekana wanakusuta. Pili, ule ubunifu wa karatasi kuwa mdomo wa honi una gharama. Besi ikipiga kwa nguvu, karatasi inakwenda mbele na nyuma, na twita inasemea kwenye mdomo usiotulia. Kwa sauti ya kawaida ya nyumbani karatasi husogea kidogo sana na husikii kitu. Ongeza sauti, weka kinanda cha kanisani chenye besi ndefu, na kwaya iliyo juu yake inaanza kuchafuka. Tatu, twita iliyofichwa nyuma ya wufa imechelewa. Ni sentimita chache tu, lakini zinapimika, na miaka ya 1970 kampuni ya UREI ya Marekani ilipotengeneza monita zake, yaani spika za studio, kwa kutumia spika za Altec, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuunda krosova ya kusawazisha ucheleweshaji huo. Na besi yenyewe? Mtu akiona duara la inchi 15 anajiandaa kutikiswa. Hatatikiswa. Ni besi nyepesi, ya haraka, inayojua kukoma, lakini haiendi chini sana. Aliyelelewa na sabufa atauliza kama kuna waya haujaunganishwa.

Basi kama kasoro ni nyingi kiasi hiki, ilikuwaje wahandisi wakaziamini? Na ilikuwaje santuri walizozitengeneza kwa kuzitegemea zikatoka nzuri? Kampuni ya santuri ya Decca ya London ilisikiliza kwa Tannoy. Studio za Abbey Road, enzi za Beatles, zilikuwa na Altec 605A, ndugu mdogo wa 604. Fikiria fundi aliyeketi mbele ya spika inayopaza sauti za kati kidogo kuliko inavyopasa. Hajui kwamba inazipaza. Anasikia tu kwamba mwimbaji yuko mbele mno, basi mkono wake unamrudisha. Santuri inatoka na upungufu mdogo pale ambapo spika ina ziada. Miaka 60 baadaye mtu anaipiga santuri hiyo kwa spika ya aina ileile, ziada inakutana na upungufu, na yeye anasema, sikiliza jinsi ilivyo ya asili. Floyd Toole, mwanasayansi wa sauti aliyefanya utafiti miaka mingi nchini Canada, amelieleza tatizo hili kuwa ni mduara wa mkanganyiko: spika tunazipima kwa santuri, na santuri zilitengenezwa kwa spika.

Nakubaliana naye, na bado sioni kwamba hoja hiyo inaua mapenzi ya mtu. Inayawekea mipaka tu. Kama maktaba yako ni Decca za miaka ya 1950 na 1960, una sababu ya maana ya kutafuta Tannoy. Kama unasikiliza muziki uliochanganywa mwaka jana kwenye monita ndogo zenye amplifaya ndani yake, sababu hiyo huna, na ukisikia uzuri, ni uzuri ulioongezwa na spika yako. Hakuna ubaya. Ila uujue.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa spika hizi hulitaja kwa heshima kubwa kuliko yote, nalo ni sumaku. Sumaku za zamani ni za alniko, mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti. Katika aina iliyotumika zaidi kwenye spika, alniko 5, kobalti ni karibu robo ya uzito. Na kobalti, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ilichimbwa kwa wingi katika jimbo la Katanga nchini Kongo kuliko popote duniani. Ilitoka pamoja na shaba, kwanza chini ya Union Minière ya Wabelgiji, na kuanzia mwaka 1967 chini ya shirika la taifa ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi: hiyo ni miji iliyokusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi za Kongo na nje ya Kongo, na lugha waliyopeana amri, matusi na vichekesho migodini ilikuwa Kiswahili, kile cha kwao, chenye lafudhi na maneno yanayomchekesha mtu wa Unguja. Kobalti haina cheti cha kuzaliwa. Iliyeyushwa, ikachanganywa, ikauzwa Ulaya na Marekani. Lakini ukizichukua sumaku za alniko za dunia kwa jumla yake, mkono wa mtu aliyekuwa akisema Kiswahili umo ndani, na sijawahi kuona ukitajwa katika vitabu vya sifa za spika.

Unatajwa kwa njia nyingine, kwa mlango wa nyuma. Mwezi Mei 1978 waasi waliovuka kutoka Angola waliiteka Kolwezi. Wanajeshi wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji wakapelekwa, mamia ya watu wakauawa, Waafrika na Wazungu, wataalamu wa kigeni wakakimbia, migodi ikasimama. Bei ya kobalti, iliyokwisha kuanza kupanda, iliruka mara kadhaa. Watengenezaji wa spika hawakuweza kubeba gharama hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tannoy, Altec, JBL na wengine walihamia feriti, sumaku nyeusi za oksidi ya chuma ambazo ni rahisi na hazihitaji kobalti hata punje. Leo mnunuzi wa Tokyo akiuliza, "Hii ni ya alniko au ya feriti?" anauliza, bila kujua, kama spika ilizaliwa kabla ya Kolwezi au baada yake. Ule mpaka kati ya zamani na sasa ambao soko la vitu vya kale linauheshimu hivyo haukuchorwa na mhandisi wa sauti. Ulichorwa na vita kwenye jimbo la wachimba shaba.

Je, alniko inaimba vizuri zaidi? Ina sababu za kisayansi za kutetewa: ni metali, inapitisha umeme, na kwa hiyo uga wake wa sumaku hautikiswi kirahisi na mkondo wa koili. Lakini ushahidi wangu mwenyewe ni masikio, nayo yananipeleka kwingine. Mwaka 1974 Tannoy ilitoa toleo la HPD. Sumaku bado ilikuwa alniko. Kilichobadilika ni karatasi, iliyotiwa mbavu nyuma ili iwe ngumu, na ukingo wa pembeni, uliokuwa sasa wa sponji laini ili besi ishuke zaidi. Besi ilishuka kweli. Ila ile sauti ya mtu aliyesimama mbele yako ilirudi hatua moja nyuma, na wengi waliosikiliza zote mbili wanasema hivyohivyo. Kama siri ingekuwa sumaku, HPD ingeimba kama ya dhahabu. Naamini siri ni karatasi: nyembamba, nyepesi, iliyoshikwa pembeni na mpindo mgumu, isiyopewa ruhusa ya kwenda mbali.

Wepesi huo ndio unaozifaa nyumbani kuliko sifa nyingine yoyote. Tannoy hizi za kale hutoa karibu desibeli 95 kwa wati moja, ukisikiliza umbali wa mita moja. Spika nyingi ndogo za rafuni leo hutoa 85 hadi 88. Pengo la desibeli 10 maana yake ni nguvu mara 10. Amplifaya ya valvu ya wati 12, ambayo ndiyo watu walikuwa nayo, ilitosha na kubaki. Na wati zikiwa chache, muziki wa sauti ndogo haufi. Usiku, watoto wamelala, umepunguza hadi unasikia saa ya ukutani, bado ngoma ina ngozi na maneno yana konsonanti. Spika nyingi za kisasa zinataka kwanza uziamshe. Hizi ziko macho.

Makasha sitayasemea mengi. Kasha kubwa la Tannoy, Autograph la mwaka 1953, lilikuwa honi ya besi iliyokunjwa ndani ya kabati na kutumia kona ya chumba kama sehemu yake ya mwisho. Miaka mitano baadaye stereo ikaingia, na familia zilizokuwa zimekubali kabati moja la ajabu kwenye kona zikaombwa kona ya pili.

Umri nao usamehewe au usisamehewe, lakini usisahaulike. Kapasita za krosova hubadilika thamani, karatasi hunywa unyevu na kukauka tena, utando wa twita huchoka. Spika mbili zilizotoka kiwandani siku moja mwaka 1958 hazifanani tena. Mtu anayesema anasikia sauti ya mwaka ule anasikia pia kila mwaka uliofuata, na fundi aliyepita katikati na chuma chake cha kulehemu.

Wazo lenyewe halikuzeeka. Mwaka 1988 KEF ya Uingereza ilitumia sumaku za neodimi, ndogo na zenye nguvu kubwa, kuingiza twita ndani ya kitovu cha wufa bila honi ndefu na bila ucheleweshaji, na tangu hapo monita za studio za aina hiyo zimeongezeka. Kwa vipimo zinazipita za kale kwa mbali. Ukitaka ukweli, nunua hizo, tena zina dhamana.

Lakini ukiamua kutafuta ya zamani, nenda na santuri ya mtu mmoja anayeimba, usiende na ngoma za kuonyeshea mitambo. Ondoa kitambaa cha mbele uitazame karatasi: ya asili iliyochakaa ni bora kuliko mpya iliyobandikwa na asiyejua. Sikiliza twita peke yake, ukiweka sikio karibu, kwa sababu utando uliokufa ni shida kuupata. Kama ni HPD, bonyeza sponji ya ukingoni kwa ncha ya kidole. Ikibaki unga kidoleni, toa gharama ya ukarabati kwenye bei. Usinunue kwa ajili ya besi, wala kwa ajili ya jina. Nimesikiliza spika nyingi zilizo sahihi kuliko hizi, na kwa mtu anayeimba chumbani kwa sauti ya kawaida bado nachagua Tannoy ya dhahabu ya inchi 12, pamoja na kasoro zake zote.